Maji ya Kusuuzia Tangi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Najua neno hilo linawachekesha, kwa sababu mstaafu mnayemjua ni mtu mwenye mvi na kiinua mgongo. Mimi nina kifua tu. Daktari alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia napulizia mikorosho salfa. Akasema, "Basi hupulizii tena," kama mtu anayemkataza mtoto kuchezea kiberiti. Nikamuuliza ushahidi uko wapi kwamba ni salfa, si vumbi la kawaida wala urithi wa kwetu. Akanipa kifaa nipulize pumzi ndani yake. Kishale kilisogea kidogo, kikarudi kulala. Nilizoea kuwa na swali la pili kwa kila jibu. Siku ile sikuwa nalo.

Bi Somoe ameniomba niwaandikie ninyi wawili mnaoanza msimu huu. Alitaka niandike namna ya kutunza mashine. Hayo yamo, ila yamechanganyika na mengine, maana sikuwahi kuitunza mashine bila kufikiri jambo jingine. Habari za mshahara nimeziacha. Hazijazi hata aya.

Nilifika dukani kwake Magomeni nikiwa na shahada ya kilimo na mwaka mzima wa kuandika barua za maombi. Duka mnalijua: salfa, dawa za maji, mbegu, majembe, na bloa, zile mashine za kupulizia za mgongoni, za kukodisha pamoja na mtu wa kuzibeba. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Salfa ni unga wa njano na haitoki, kwa hiyo hilo lilikuwa shati langu la kazi tangu saa nne asubuhi ile.

Mteja wangu wa kwanza alikuja na kitawi cha mkorosho chenye unga mweupe. Ubwiriunga, ugonjwa wa kurasa za mwanzo kabisa za kitabu. Akanionyesha mfuko wa salfa akauliza, "Hii itaponya?"

"Itaponya," nikamjibu.

Bi Somoe alikuwa anapima misumari upande wa pili wa kaunta. Hakuinua kichwa. "Kijana, umeongea na mvua?"

"Hapana."

"Mkorosho wenyewe umeuona?"

"Nimeona tawi."

"Basi usiape." Akamgeukia mteja. "Baba, itasaidia kama ugonjwa haujapanda kwenye maua yote. Na mvua ikikunyeshea baada ya kupuliza, salfa yako imekwenda kuoga, itabidi urudie."

Mteja akashukuru kwa adabu, akavuka barabara, akanunua kwa jirani. Jirani alimwambia itaponya.

"Umeona?" nikamwambia Bi Somoe. "Ukweli umetufukuzia mteja."

"Nimeona," akasema, akaendelea na misumari yake.

Nilisubiri methali. Nilidhani mtu wa umri wake lazima awe nayo tayari kwa hali kama ile, nami nilikuwa nimejiandaa kuipinga. Haikuja.

Aliyenifundisha mashine ni Bakari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba. Upande wa mama walikuwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma, na bloa ikigoma kuwaka aliitukana kwa Kireno kidogo alichorithi huko, kisha akaiomba radhi kwa Kiswahili. Yale ya muhimu aliyonifundisha ni haya. Petroli changanya na oili kabla ya kumimina, usichanganyie ndani ya mashine. Kamba ya kuwashia usiivute kwa hasira. Salfa hushika kwenye umande, kwa hiyo uwe shambani kabla ya jua na upepo. Ukichelewa unaupaka upepo dawa, na upepo haulipi. Simama ukiupa upepo mgongo. Bakari hakuvaa barakoa kamwe, alisema inamnyima pumzi, nami nikamwiga kwa sababu nilitaka kufanana naye. Ninyi vaeni. Si ile ya kitambaa, hiyo ni ya kupigia picha. Ile yenye vichujio ipo rafu ya juu, Bi Somoe ameiagiza baada ya mimi kwenda hospitali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtalisikia kwa wateja hata nisipoliandika.

Bloa ileile inayopuliza unga hufungwa tangi ikitakiwa kupuliza dawa ya maji. Tulikuwa na matangi mawili. Moja la dawa ya maua. La pili lilikuwa la dawa ya kuua magugu, tulilipaka rangi nyekundu ili lisije likachanganywa na mwenzake. Msimu wangu wa tatu, Bakari alikwenda vijiji vya upande wa Ruvuma akiwa na yote mawili, kwa sababu mteja mmoja alitaka asafishiwe mpaka wa shamba. Njiani tangi la maua likapasuka. Kituo kilichofuata kilikuwa kwa Mzee Nandule, na maua ya Mzee Nandule yalikuwa yamefunguka, hayawezi kungoja mtu arudi mjini. Bakari akaamua kutumia tangi jekundu, alisuuze vizuri hukohuko.

Kulisuuza vizuri ni kulijaza, kulitikisa na kulimwaga, mara tatu.

Kijiji kile kiko juu, ukingoni mwa mwinuko. Ruvuma unaiona chini inang'aa kama mali ya mtu mwingine. Maji hupandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Bakari alipofika, Zainabu, mkwe wa Mzee Nandule, alikuwa ametoka kuyatua: ndoo mbili, alizifuata moja moja kwa ajili ya kazi ile. Akazisogeza miguuni pa Bakari, akakaa kwenye kizingiti kupumzisha shingo. Bakari alizitazama zile ndoo. Kwa watu wa kule, na kwa mama yake pia, mgeni hamwagi maji ya mwenyeji. Hata ya kunawa mikono unayaelekeza kwenye mche. Na yeye alitakiwa kuyamwaga chini yote, mbele ya macho ya aliyeyabeba, kisha aombe mengine ya kuchanganyia dawa.

Akachota kikombe kimoja, akakizungusha ndani ya tangi, akakimwaga kwenye shina la mpapai. Maji yaliyobaki akachanganyia dawa. Akapulizia upande mzima wa shamba unaotazama kijiji.

Mimi nilikuwa dukani. Haya aliyasimulia mwenyewe, wiki moja na kidogo baadaye, amekaa juu ya mfuko wa salfa na kofia mkononi. Alikuwa amepita tena kwa Mzee Nandule akakuta maua yamejikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi. Mpapai nao ulikuwa umeanza kupinda.

"Si ubwiriunga," alisema. "Ni mimi."

"Nandule anajua?" Bi Somoe akauliza.

"Anasema ni mbu." Alimaanisha yule mdudu anayefyonza machipukizi ya mikorosho.

Nikasema, "Basi na iwe mbu."

Walinitazama wote wawili. Nilieleza hoja yangu kwa utaratibu, na mpaka leo nikiisoma upya kichwani naiona imesimama vizuri. Hakuna atakayeweza kuthibitisha. Mbu wachache walikuwepo kweli mwaka ule. Tukisema, duka litakufa, na duka likifa wakulima wa kule watabaki na yule jirani anayeapa. Tubadilishe utaratibu wa matangi, tumsaidie mzee kimyakimya kwa salfa ya bure. Kwake matokeo ni yaleyale.

"Si yaleyale," Bi Somoe akasema. "Mwakani atanunua dawa ya mbu."

Nikamwambia dawa ya mbu tungemuuzia sisi. Hakuna aliyecheka, na sina hakika kama nilikuwa natania.

Kesho yake tulikwenda watatu. Mzee Nandule alitukaribisha barazani, akatandika mkeka, akaagiza viti kwa ajili ya Bi Somoe. Hakujua tumeleta nini. Alikuwa mtu mrefu aliyezungumza polepole. Baba yake ndiye aliyevuka mto na kupanda mikorosho ile wakati hana hata sufuria, na mzee alikuwa ameitunza kama mtu anayelipia hifadhi aliyopewa baba yake. Tulimwamkia, akatuitikia, akauliza habari za mjini. Bi Somoe hakuzungukazunguka.

"Kaka, maua yako hayakuliwa na mbu. Tumeyaunguza sisi. Tangi letu lilikuwa na dawa ya magugu, na halikusuuzwa inavyotakiwa."

Kabla mzee hajajibu, mtu aliyekuwa amekaa pembeni akishona mkeka aliinuka. Aliitwa Mkwepu, Mmakua, na Nandule ni Mmakonde, kwa hiyo watani. Mtani hangoji kualikwa kwenye msiba.

"Lahaula! Kumbe mkorosho nao ni gugu?" akasema. "Miaka yote namwambia huyu Mmakonde shamba lake ni pori, hasikii. Haya, mabingwa wamekuja toka mjini, wamethibitisha!"

Watu waliokuwa uani wakaanza kucheka. Mkwepu akavua kofia, akaiweka kifuani, akalia kilio cha uongo kuelekea mikorosho: "Ewe mwenzetu, umetuacha na nani? Umeondoka hata bibo moja hukutuachia! Mama," akamgeukia Bi Somoe, "sanda umeleta, au nayo tununue dukani kwako?"

"Nimekuja na mikono mitupu, mtani," Bi Somoe akajibu. "Zika kwanza, sanda utanidai."

Wakacheka zaidi. Nakiri utani ule ulinipa matumaini. Nilidhani mambo yanayeyuka. Mzee Nandule hakucheka. Alingoja kicheko kiishe.

"Nani alishika mashine?"

"Mimi, baba," Bakari akasema.

"Na kusuuza hukujua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Bakari alitazama mkeka. "Maji yalikuwa yametoka mbali, baba."

Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Nani alikutuma uyahurumie?" akasema. "Nimeyapandisha mimi, kwa kichwa changu. Ungeyamwaga yote. Ungeniambia, dada, hayatoshi, ningeshuka tena."

Mkwepu akaivaa kofia yake, akakaa.

Ndipo mzee alipotuambia korosho za upande ule zilikuwa za nini. Alikuwa amepima mahali pa kuchimba kisima cha kuvunia maji ya mvua, nyuma ya nyumba, kisakafiwe kwa saruji na kiungwe mfereji kutoka kwenye bati. Kisima cha Zainabu. Alikuwa amemwahidi kwamba mvua zijazo hazitamkuta akishuka bondeni. Hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Bi Somoe akasema, "Saruji nitaleta. Si yote, ya yote sina."

"Saruji nitapokea," mzee akasema. "Lakini mashine yenu isikanyage tena shamba langu."

Tuliteremka. Nilikuwa na mengi ya kusema, hasa kwamba nilikuwa nimewaambia. Niliyaacha.

Nataka mwelewe kilichofuata, kwa sababu watu wanaosimulia habari za uaminifu katika biashara huruka sehemu hii. Kilichofuata ni ukimya. Habari ilifika vijiji vingine kabla ya saruji kufika kwa Mzee Nandule. Jirani wa ng'ambo ya barabara alipata maneno mapya ya kuwapokelea wateja: "Kwangu haunguzwi mtu." Hakuwa mwongo, mtu ambaye hajakamatwa hana haja ya kusema uongo. Sisi tulifungua asubuhi, tukafagia, tukakaa. Bi Somoe alipanga makopo kwa rangi, siku nyingine kwa urefu. Wateja waliopita walitusalimia vizuri kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama wangenuna.

Bakari hakumaliza msimu. Hakufukuzwa. Alikuja siku moja na mashine imeoshwa mpaka kwenye nati, akaiweka kaunta, akasema anakwenda ng'ambo kwa wajomba zake mara moja. Nilimpigia simu kwa muda mrefu. Kwanza iliita, baadaye ikawa haipatikani. Sijui mpaka leo kama anapulizia mikorosho ya huko au ameacha. Ndiye mtu pekee katika kazi hii niliyekaa naye kimya bila kuona kwamba tumeishiwa maneno.

Mashine nikaichukua mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya mtu mmoja. Nilitoka mjini kwa pikipiki, bloa imefungwa nyuma na madumu mawili ya maji ubavuni. Hii ndiyo kanuni pekee niliyoiongeza dukani, na naomba msiifute: tangi linasuuzwa mara tatu, mbele ya mwenye shamba, kwa maji yetu wenyewe. Si kwa ajili ya usafi peke yake. Ukibeba maji yako, mkono wako hauna mtu wa kumhurumia. Mwanzoni walinicheka. Katika kijiji kimoja watoto walinipa jina la Mwaga Maji, na bibi mmoja aliniuliza kama ni nadhiri.

Bloa ikiwaka mgongoni husikii mtu. Ukiizima, masikio yanaendelea nayo, na mtu akikusemesha unamwona anafungua mdomo. Salfa inaingia machoni, kwa hiyo nililia kila asubuhi bila huzuni yoyote. Ukimaliza umekuwa wa njano na unanuka kama kiberiti kilichozimwa. Wenyeji wangu walikuwa wakarimu, ila chakula changu kililetwa kwenye baraza ya nje, na aliyekileta alirudi ndani haraka. Singewalaumu. Nililala kwenye vibaraza vya watu ambao majina yao niliyajua na wao langu hawakuwa na haja nalo. Mimi nilikuwa "wa bloa".

Nikirudi chumbani kwangu Rahaleo nilioga mara mbili, nikasoma ujumbe wa wenzangu wa chuo kwenye simu. Walikuwa wakipeana hongera za mambo mbalimbali. Mmoja akauliza, "Vipi mkuu, bado uko kwenye korosho?" nikamjibu kwa kidole gumba. Jumapili jioni nilikwenda Shangani, ambako familia hutembea kando ya bahari na watoto hununuliwa karanga. Nilikuwa nachagua mahali pa kukaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu. Tabia ya kazi. Nilipoanza kukohoa mfululizo nikawa nachagua mahali pa mbali zaidi, kisha nikaacha kwenda.

Kesi moja ngumu niwaambie. Mama mmoja, mjane, alinipeleka shambani kwake nikakuta ugonjwa umekwishapanda kwenye maua yote, yamekuwa meusi. Nilikuwa nimesafiri asubuhi nzima. Nikamwambia nikipuliza nitamla fedha bure.

"Ulisoma miaka yote hiyo," akaniambia, "ili uje kuniambia haiwezekani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi waliosoma ni wengi mno."

Siku ya pili akampata mpuliziaji wa jirani yetu, akapuliza, maua yakaendelea kuwa meusi. Sikurudi kumwambia nilisema. Yeye naye hakurudi kuniambia nilikuwa sahihi. Katika kazi hii kuwa sahihi ni jambo unalokaa nalo peke yako.

Mwaka wa pili baada ya kuunguza yale maua, walianza kuja watu tusiowajua. Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki aliyerithi mikorosho ya babu yake. Alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Hapa ndipo kwa wale waliounguza maua ya Mzee Nandule?"

Nikaangalia kama ameshika jiwe. "Ndipo."

"Nimeelekezwa na yeye. Nataka kupuliziwa."

Bi Somoe akaacha makopo yake. "Amekuelekeza Nandule? Alisemaje?"

"Nilimuuliza nimchukue nani. Akasema, mimi wale siwataki. Lakini wewe nenda kwao. Wakikuharibia watakuja wenyewe kukuambia. Wengine itabidi uchunguze mwenyewe."

Wakafuata wengine, wawili watatu, kisha zaidi, na kila mmoja alijitambulisha kwa maua ya mtu mwingine. Wengine walijua hadithi nzima kuliko mimi, pamoja na kilio cha Mkwepu, ambacho kilikuwa kimeongezwa beti.

Mnaweza kudhani hapa nitasema ukweli hulipa. Sisemi. Mwaka ule mpuliziaji wa jirani alihama, na mvua zilikuwa nzuri, na watu walikuwa na fedha. Chuoni walitufundisha kwamba ukitaka kujua kitu kimefanya kazi, acha kipande cha shamba usikiguse, ukilinganishe. Sisi hatukuwa na duka la pili lililonyamaza ili tulilinganishe na letu. Ninachojua ni kidogo zaidi: mtu aliyeumizwa na sisi, ambaye hakutusamehe, alikuwa anatusema sawasawa tulivyo. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mimi nikimchukia mtu huwa namchukia na takwimu zake.

Lakini kwake hatukuitwa. Nilipita njia ya juu ya kijiji kile kila msimu kwenda kwa wengine, na nilikuwa naizima pikipiki nikikaribia uzio wake, nikiisukuma, ili asidhani naingia. Kisima kilijengwa, nilikiona kwa mbali, kimechelewa misimu miwili na Zainabu ameshuka bondeni misimu yote hiyo. Mara moja tulikutana naye njiani. Akaniuliza kama kweli nabeba maji kutoka mjini. Nikamwambia kweli. Akasema, "Ya mjini si matamu," akapita.

Baada ya daktari, nilikwenda kuaga wateja. Wengi niliwaaga kwa simu. Kwa Mzee Nandule sikuwa na sababu ya kwenda, yeye si mteja, na nilijiuliza njia nzima ninakwenda kutafuta nini. Kama ni msamaha, si mimi niliyeshika tangi. Kama ni shukrani ya kutuletea watu, angeniona mpumbavu. Nilimkuta shambani, upande unaotazama kijiji, anakata matawi yaliyokauka. Amezeeka. Nilimwamkia nikiwa nje ya mstari wa miti yake.

"Marahaba. Ingia, mbona umesimama kama ng'ombe wa watu?"

"Ulikataza, mzee."

"Nilikataza mashine. Unayo?"

"Sina. Nimeacha kazi. Kifua." Nikakohoa, si kwa makusudi, akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Salfa?"

"Daktari anasema ni salfa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nilibisha," nikasema. "Nimeacha kubisha."

Akatingisha kichwa, akaendelea kukata. Nilimsaidia kuburuta matawi mpaka penye lundo. Tulifanya hivyo kwa muda. Halafu nikamuuliza lile ambalo lilikuwa limenikaa miaka yote: kwa nini alitupeleka watu, kama mwenyewe hatutaki.

"Waliniuliza," akasema. "Ningewaambia nini, mbu?"

"Na hasira?"

"Hasira ni yangu. Wao wanataka mtu wa kuwapulizia." Akaegemea panga. "Yule mwenzenu alirudi?"

"Bakari? Hapana."

"Nilidhani angerudi. Nilikuwa na neno naye." Hakusema neno gani, na kwa mara ya pili mwaka huu sikuuliza. Aliyatazama machipukizi mapya juu ya kichwa chake, mekundu bado, yanaanza kufunguka. "Sasa mashine anashika nani?"

"Wapo vijana wawili. Wanaanza msimu huu."

"Wanavaa kitu puani?"

"Watavaa."

Akarudi kwenye matawi yake, nikaanza kuaga. Nilikuwa nimemaliza kusema "tutaonana inshallah" na nimegeuka, aliposema nyuma yangu, kwa sauti ileile ya kumwelekeza mgeni:

"Waambie hapa kwangu waanzie upande wa bondeni. Huko upepo unapiga, umande unawahi kukauka."

Nikasema nitawaambia. Nilitembea mpaka ilipo pikipiki, nikakaa juu yake bila kuiwasha. Misimu yote niliyopita pale nikiisukuma nilikuwa naingoja sentensi ile, na sikuwa najua naingoja. Imekuja nikiwa siwezi tena kunyanyua bloa mpaka mgongoni. Haikuwa yangu.

Ni yenu. Waanzie upande wa bondeni, amesema.